Katani, kitani na gunia

SWALI: Ninapamba kumbi za harusi. Mteja aliagiza vitambaa vya meza vya "katani". Nikampelekea vile vya kahawia vya gunia, akavikataa. Kumbe alitaka kile chepesi cha kushonea mashati. Maneno haya yanatofautianaje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mteja wako alitaka kitani.

Katani ni nyuzi za mkonge. Mkonge ukiwa shambani huitwa mkonge; jani likishakwanguliwa nyama na nyuzi zikaanikwa, hapo ndipo tunapata katani. Tanga inaijua vizuri kazi hiyo tangu Richard Hindorf alipouleta mmea huo mwaka 1893. Nyuzi zake ni nyeupe, ngumu, zinakwaruza. Zinafaa kwa kamba, mazulia na magunia, lakini shati la katani hakuna atakayelivaa.

Kitani hutoka kwenye shina la mmea mwingine kabisa, unaolimwa zaidi nchi za baridi. Kitambaa chake huteleza mkononi na hupoza mwili. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na hapa wengi hukosea upatanisho: wakiona ki- mwanzoni husema "kitani kizuri". Kitabu, ambacho nacho ni cha Kiarabu, kilikubali kuingia ngeli ya ki-/vi-. Kitani haikukubali. Biblia ya Union, Ufunuo 19:8, inasema "kitani nzuri", na ndivyo ninavyokusihi useme na uandike.

Gunia ndilo lenye utata, kwa sababu halitaji uzi wowote. Linataja mfuko, na kwa kupanuka maana, kitambaa chochote kikavu chenye matundu kama cha mfuko huo. Gunia linaweza kuwa la katani. Linaweza kuwa la juti, nyuzi za kahawia zinazong'aa kidogo, zinazolimwa sana Bangladeshi na India. Mmea wake ni wa jamii moja na mlenda tunaoupika. Hata Ufunuo 6:12 inalinganisha jua jeusi na "gunia la singa", yaani la manyoya ya mnyama. Kwa hiyo anayesoma habari za watu wa Biblia waliovaa magunia wakiomboleza asiwaze mifuko ya mahindi.

Turubai nalo watu hulichanganya humu. Hilo hutajwa kwa kazi yake ya kukinga mvua na jua, liwe la pamba nzito au la plastiki.

Kwako wewe unayeagiza mizigo, taja kitambaa pamoja na uzi wake: "kitambaa cha gunia, cha juti" kwa mapambo ya kahawia, "kitambaa cha kitani" kwa meza za mteja wako. Muuza duka akikuandikia risiti ya "katani" kwa kitambaa cha shati, mwombe airekebishe kabla hujalipa, maana mzigo unaofuata utaagizwa kwa risiti hiyo hiyo.