Ukitaka kuzima trakshoni kontroli, usizime kila kitu siku moja

Juzi mtu kaniuliza, eti akienda sakiti, yaani uwanja wa mbio za magari, azime misaada yote ya umeme kwenye gari, kama hiyo trakshoni kontroli inayozuia tairi zisizunguke bure ukikanyaga mafuta, ili ajue kama kweli anajua kuendesha. Nikacheka, maana hilo jaribio nilishalifanya na likaniishia kwenye changarawe, gari imegeukia nilikotoka, na vumbi bado linashuka.

Ilikuwa hivi. Gari yenyewe inavuta kwa tairi za nyuma, lami ina unyevu kidogo, nusu siku nimezunguka trakshoni ikiwa imewashwa na nikajiona fundi. Nikabonyeza kitufe nikakishikilia mpaka taa za njano zikawaka kwenye dashibodi. Kona ya tatu, gia ya pili, nikakanyaga mafuta palepale nilipokuwa nakanyaga tangu asubuhi, mkia ukaondoka, nikashtuka nikaachia mafuta ghafla na hapo ndo nikaharibu kabisa, uzito wote ukaja mbele, nyuma ikawa nyepesi, gari ikazunguka kama pia. Kilichoniuma sio kuzunguka. Kumbe ile kona nilikuwa naikosea kila raundi, ila kompyuta inanifichia aibu! Sensa za magurudumu zinaona nyuma inazunguka haraka kuliko mbele, nguvu ya injini inapunguzwa fasta, na wewe huhisi chochote zaidi ya kale kataa kadogo ka kwenye dashibodi kanakochezacheza ambako mi sikuwahi hata kukaangalia.

Hata wakubwa yaliwakuta. Mwaka 1992 dereva wa Formula 1 Nigel Mansell alishinda mbio tano za kwanza za msimu kwenye FW14B ya timu ya Williams, gari yenye saspensheni inayoendeshwa na kompyuta, ina trakshoni, na mwaka uliofuata gari iliyoirithi ikaongezewa na ABS, breki zinazozuia tairi zisijifunge. Msimu wa 1994 FIA, wasimamizi wa mbio hizo, wakapiga marufuku vyote kwa mpigo. Williams waliokuwa wamezoea kujenga gari ya kutegemea ile saspensheni wakatoka na FW16 ambayo mwanzoni mwa msimu ilikuwa na tabia za ajabu, na dereva wao Ayrton Senna mwenyewe, fundi kuliko wote, akazunguka nayo akatoka kwenye mbio nyumbani kwao Brazil. (Ajali iliyomuua Imola, Italia, mwaka huohuo siigusi hapa, ile ina mabishano yake mengine.) Ninachokiona mimi ni kwamba msaada ukiung'oa unabaki na gari nyingine kabisa, na dereva inabidi aanze kuijua upya.

Marufuku yenyewe ilisumbua kusimamia, maana programu inaweza kufichwa ndani ya kompyuta ya gari, ndo maana trakshoni ikaruhusiwa tena 2001 msimu ukiwa umeshaanza, ikaja kuzimwa 2008 kila timu ilipopewa kompyuta ya aina moja. Mbio ya kwanza ya mwaka huo, Australia, zaidi ya nusu ya magari hayakufika mwisho. Sio yote kwa sababu ya trakshoni, lakini raha ya kuangalia ilirudi: unaona mtu anatoka kona mkia unamcheza, anapoteza kasi kidogo, wa nyuma anapata upenyo. Na tairi nazo, ukizichezesha ovyo zinapata joto zinaisha, kwa hiyo mguu mpole ukaanza kulipa tena.

Sasa wewe. Anza misaada ikiwa imewashwa, kazi yako ya siku ya kwanza ni kuendesha taa isiwake kabisa. Sikutanii, hilo peke yake litakuchukua muda. Ikishakuwa haiwaki hata ukienda kasi, weka ile hali ya katikati kama gari yako inayo, inayokuachia uteleze kidogo kabla haijaingilia. Kuzima kabisa iwe siku kavu, kona pana yenye nafasi ya kukosea, tena polepole. Mafuta na usukani viende pamoja: kadiri unavyonyoosha usukani ndivyo unavyoongeza mafuta, usukani ukiwa bado umekunjwa mguu utulie. Mkia ukitoka, punguza mafuta taratibu usiachie kama umeguswa na moto, macho yaende unakotaka kwenda sio kwenye ukuta, geuza usukani upande mkia unakoelekea halafu wahi kuurudisha, wengi tunasahau hapo kwenye kurudisha, gari inashika ghafla inakurusha upande wa pili.

Kama una simyuleta, ile ya kuendesha gari kwenye kompyuta, fanyia huko kwanza, ukizunguka mara hamsini hakuna anayekutumia bili. Ila simyuleta haikupi ule ujumbe wa makalioni kwamba nyuma inaanza kulegea, kwa hiyo ukija kwenye gari ya kweli shuka hatua moja chini.

ABS iache ya mwisho. Na tafadhali usichomoe fyuzi yake kama baadhi wanavyoshauriana, kwenye magari mengi mfumo huohuo ndo unagawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, ukiuua nyuma inaweza kujifunga kabla ya mbele na hapo hata hujaingia kona ushapoteza gari. Mimi trakshoni siku hizi nazima, ABS bado iko palepale, mvua ikianza kunyesha naiwasha hata hiyo trakshoni, atakayecheka acheke.