Kabla ya kuongeza mbolea, hesabu mashina

Mkulima anayevuna gunia 8 za mahindi kwa ekari huanza kulaumu udongo, kisha hukimbilia kuongeza mbolea. Tunasema aingie kwanza shambani na kamba. Kama mistari imeachana sentimita 75, pima mita 5.4 kwenye mstari mmoja, uhesabu mashina. Kila shina linawakilisha mashina 1,000 ya ekari nzima. Ukipata 17 au 18, umepanda vizuri. Ukipata 10, tatizo ni mapengo: mashina 10,000 yakitoa gramu 80 za punje kila moja ni gunia 8 za kilo 100, basi. Mashina 17,000 ya gramu 120 yanakupa gunia 20. Pima sehemu tano, na usichague palipostawi.

Mapengo mengi huanzia kwenye mbegu. Viringisha mbegu 100 kwenye kitambaa kibichi, ukihakikisha hakikauki. Baada ya wiki zikiota chini ya 85, tafuta nyingine. Panda sentimita 75 kati ya mistari kwa 30 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo, au 75 kwa 60, mbegu mbili. Kutupia nne kwa kuogopa hasara, kisha usipunguze, kunazaa mabua membamba yanayonyang'anyana maji.

DAP, mbolea ya kupandia, kilo 50 kwa ekari ni kama kizibo kimoja cha soda kwa shimo la mbegu mbili. Mbolea chini, udongo juu yake, ndipo mbegu, sentimita 5 kwenda chini. Ikigusana na mbegu huunguza chipukizi, na wengi husingizia panya. Kurudishia mbegu kwenye mapengo kufanyike ndani ya wiki moja tangu mahindi yachomoze. Yanayochelewa hufunikwa na kivuli cha wenzake na hayabebi.

Palizi ya kwanza ni wiki ya pili au ya tatu, hata kama magugu bado yanaonekana madogo. Hapa ndipo mavuno mengi hupotea kimyakimya. Ukiweka urea, mbolea ya kukuzia, kabla ya kupalilia, unalisha magugu.

Urea weka mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu, kando ya shina, umbali wa upana wa kiganja kimoja, kisha fukia. Ikiachwa juu juani, naitrojeni yake huruka hewani. Usirushe kwa mkono: chembe zikidondokea kwenye moyo wa mmea, majani machanga huungua.