Mtoto wa la nne kuhamia shule ya kimataifa, atasoma nini?

Dada wa Mikindani pole na presha, ila ngoja nikutoe hofu kidogo. Umesema mumeo kahamishwa Dar, mtoto anatoka la nne hapa Mtwara anaenda shule ya kimataifa yenye mtaala wa IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa) na unaogopa maana ratiba haina "sayansi" wala "maarifa ya jamii". Masomo yapo dada, yamefichwa tu ndani ya mada. Praimari yao (PYP) ina mada 6 kubwa, sasa wakichukua mada ya kugawana dunia yetu mtoto anaweza akasoma bahari, akapima maji akachora grafu, akaandika insha, yaani sayansi hesabu na lugha humo humo. Mtoto wa pwani hapo atatamba!

Akifika midilo (MYP, ngazi ya kati baada ya praimari, kama miaka 11 mpaka 16) ndo utaona masomo kwa majina, makundi 8, lugha mbili, hesabu, sayansi, jamii, sanaa, michezo na afya, halafu ubunifu.

Mimi ningekomaa na Kiswahili. Waulize wanakifundisha kama lugha kamili au kama kwa mgeni, hapo ndo watu wanapigwa, kesho mkirudi huku mtoto akirudi kwenye mitihani ya taifa ya Baraza la Mitihani insha inamtoa jasho. Na ada uliza kama ni ya dola, usije kupanga kwa hela ya korosho mnada ukachelewa.