Umesimulia ulichofanya; ulichokikataa kiko wapi?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa na ubunifu, mwaka wa pili. Nasoma Nairobi ila kwetu ni Likoni. Muhula huu tulipewa kazi ya kubuni leso (kanga) yenye ujumbe kwa jamii, nami nikachagua uhaba wa maji. Mji, yaani sehemu ya katikati ya leso, una mitungi ya njano iliyopangwa foleni kutoka upande mmoja hadi mwingine, pindo linaloizunguka ni mabomba, na jina, yaani maneno yake, ni "Maji ni uhai". Kwenye kompyuta ilikuwa na rangi sita, nikaishia kuchapa tatu. Leso yenyewe ilipata alama nzuri. Kinachonisumbua ni insha ya tafakuri inayokwenda na kazi hiyo. Mwalimu ameirudisha na kuandika, "Unasimulia, huchambui." Nilieleza kila hatua, kuanzia utafiti hadi kuchapa, na mwisho nikasema nimejifunza mengi na nimefurahia safari yangu ya ubunifu. Anataka nini tena? Wenzangu wanaandikiwa na programu ya akili mnemba na wanapita. Halafu kuna jambo lingine lililonikera: shangazi yangu alipoiona alicheka, akasema, "Hili ni bango, si leso." Hilo sikuliandika kwa sababu halinisaidii.
Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanzia hapo ulipomalizia, kwa sababu katika barua yako yote uchambuzi ni sentensi moja tu. Ni ya shangazi yako, na ndiyo uliyoitupa.

Kabla sijaanza kufundisha nilifanya kazi miaka mingi katika chumba cha wachoraji cha kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam, na hilo neno "bango" nalifahamu vizuri. Wafanyabiashara wa jumla walikuwa wakija kuchagua michoro, na lilipowatoka, mchoro ulikuwa umekwisha. Hawakuwa na maana kwamba ni mbaya. Walimaanisha unasomeka ukitundikwa ukutani tu. Kanga ina takriban sentimita 150 kwa 110, lakini ikishafungwa kiunoni, upande mmoja unaingia chini ya mwingine, na anayekuja nyuma huona kipande cha mji na jina lake, basi. Foleni yako inaanza kushoto na kuishia kulia. Ikifungwa, foleni inakatika, inabaki mitungi miwili mitatu ya njano nyuma ya mama wa watu, na mpita njia atadhani ni tangazo la mafuta ya kupikia. Shangazi aliyaona hayo papo hapo kwa sababu anajifunga leso tangu utotoni. Wewe uliitazama kwenye kompyuta, imenyooka, haina mwili ndani yake.

Mrudie. Mpe aifunge, umpige picha kwa nyuma na kwa ubavuni. Usimuulize kama ameipenda, maana swali hilo kwetu lina jibu moja tu la adabu (shangazi wa kukucheka usoni ni nadra, mtunze). Muulize ataivaa wapi. Jikoni? Msibani? Atambebea mtoto? Akisema hataivaa popote, muulize angebadilisha nini ili aivae. Hapo utakuwa na ukurasa wenye uzito kuliko hatua zako zote za utafiti.

Sasa mwalimu wako. Anachotafuta ni maamuzi, na maamuzi unayo ila umeyafunika. Umeniandikia kwamba rangi sita zikawa tatu, ukapita kama gari la haraka. Simama hapo. Katika uchapaji wa skrini kila rangi ina skrini yake, na kila skrini lazima ikae sawasawa juu ya alama za iliyotangulia. Ikiteleza kidogo, weupe wa kitambaa unachungulia pembeni mwa mstari. Kwa hiyo rangi tatu zilikataliwa na mtu. Zipi? Bluu ilibaki au iliondoka, katika kazi inayohusu maji? Aliyeamua ni wewe, ni fundi wa kuchapa, au ni mfuko wako? Ukiandika "nilipunguza rangi kwa sababu ya gharama," hayo ni masimulizi. Linganisha na haya:

"Niliondoa bluu kwanza, ingawa kazi inahusu maji, kwa sababu nilitaka maji yasionekane popote. Ndani ya mabomba niliacha weupe wa kitambaa. Nilipochapa nikaona pindo limekuwa jepesi kuliko mji, na leso haina mpaka. Nikirudia, pindo litakuwa jeusi na mitungi itapungua nusu."

Hayo nimeyatunga mimi, usiyanakili. Pengine bluu yako ilibaki na njano ndiyo inayobeba kila kitu. Tazama tu jinsi kila sentensi inavyomfanya msomaji aulize "ikawaje?" na inayofuata ikamjibu. Ile sentensi yako ya kufurahia safari ya ubunifu haimfanyi mtu aulize chochote. Inaweza kubandikwa chini ya kazi ya ufinyanzi, ya picha, hata ya upishi, na isibadilike herufi.

Wala usidhani kila sababu lazima iwe nzito. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alichora kwenye mbao za hadibodi zilizokatwa mraba, kwa rangi za kung'aa kama zile za kupakia baiskeli. Vitu vya kawaida, vinavyopatikana. Lakini rangi hiyo si kama rangi ya maji inayoyeyukiana na jirani yake. Unapaka, unangoja ikauke, unapaka nyingine juu yake, na ndiyo maana wanyama wa mtindo huo wana madoa makali juu ya mandhari tulivu ya rangi moja au mbili. Alifariki mwaka 1972, na hadi leo wanaochora kwa mtindo wake wanaishi na uamuzi uliotoka kwenye kopo. Andika bila haya kwamba ulitumia kitu fulani kwa kuwa ndicho kilichokuwepo. Kisha useme kilikulazimisha kufanya nini.

Jina la leso yako nalo lina deni. "Maji ni uhai" ni maneno ya ukutani katika ofisi ya maji. Hayana wa kugombana naye. Anayenunua kanga ya "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" anajua anamvalia nani, na anayevaliwa anajua pia. Yako anavaliwa nani? Jirani anayefunga bomba usiku? Diwani? Sikulazimishi ubadilishe. Nataka nione majina uliyoyakataa. Kama hukukataa hata moja, yaani lilikuja la kwanza ukalikamata, andika hivyo hivyo, na mwalimu atakuamini kuliko ukiandika "baada ya utafiti wa kina".

Likizo ukifika kwenu, panda feri uvuke uende Biashara Street mjini Mombasa, pale penye maduka ya leso, ununue doti moja ya Kaderdina, zile zenye maandishi "Mali ya Abdulla". Hao wako kwenye leso tangu 1887. Itandaze, ipime kwa rula: upana wa pindo, nafasi kati ya jina na pindo, ukubwa wa herufi, idadi ya rangi. Weka vipimo vya leso yako pembeni. Utagundua mengine yanatofautiana kwa makusudi na mengine kwa bahati tu, na tofauti hiyo ndiyo ya kuandika.

Kuhusu programu: haikuwepo Likoni shangazi alipocheka. Ili ikuandikie jambo la maana lazima kwanza uieleze yote haya, na ukishayaeleza umeshaandika insha.

Kwa kazi ijayo usisubiri mwisho. Nyuma ya kila mchoro unaouacha andika tarehe na sentensi moja ya kwa nini umeuacha, hata kama ni "umenichosha". Na kompyuta ina ubaya wake: kwenye karatasi mstari uliofutwa huacha alama, kwenye kompyuta hakibaki kitu. Kila unapobadilisha jambo kubwa, hifadhi faili jipya, la zamani uliache lilivyo.

SWALI: Mama, kundi letu la watu wanne lilitengeneza batiki. Wengine walibuni, wengine walichanganya rangi. Mimi nilisimamia nta tu. Tafakuri niandike "tulifanya" au "nilifanya"? Naona aibu kuandika kurasa mbili kuhusu kuyeyusha nta.
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Andika "niliyeyusha". Kurasa mbili hazitakutosha. Nta, ambayo kazi yake ni kuizuia rangi, ikiwa ya baridi hukaa juu ya kitambaa bila kuzama, na rangi hupenya chini yake. Ikiwa ya moto kupita kiasi husambaa na kuvuka mstari wa mchoro, achilia mbali hatari ya kushika moto. Katika kundi lile wewe ndiye uliyejua wakati gani imefika, na michirizi ile midogo ambayo kila mtu huisifia kwenye batiki hutokea nta iliyoganda inapopasuka, kwa hiyo nayo ilipitia mikononi mwako. Ulijuaje kwamba iko tayari? Kwa harufu, kwa moshi, kwa kugeuza kitambaa na kuona upande wa pili umelowa? Mara ngapi uliwazuia wenzako wasichovye, nao wakakununia? Anzia hapo. Waliobuni waandike ya kwao.