Kwa mnaoanza zamu za majeruhi

Wadogo zangu mliopangiwa mapokezi ya dharura hapa Dar, wiki haitaisha kabla hamjapokea kijana wa bodaboda aliyeumia kichwa. Nina jambo moja la kuwaambia mapema.

Seli za ubongo zilizokufa pale Kimara, kichwa kilipogonga lami, hatuwezi kuzirudisha. Tulizokabidhiwa ni zile zilizojeruhiwa. Seli ikichanika humwaga glutameti, kemikali ambayo siku zote hutumika kidogo kidogo kupelekeana ujumbe. Ikimwagika nyingi, seli za jirani huchochewa kupita kiasi, milango yake hufunguka na kalsiamu huingia kwa wingi. Kalsiamu hiyo huamsha vimeng'enya vinavyoikatakata seli kwa ndani, na mitokondria, zinazoizalishia nguvu, huzidiwa. Seli nyingine hujaa maji zikapasuka. Nyingine hujimaliza pole pole, hata kwa siku kadhaa. Wakati huohuo ubongo unavimba, na fuvu halitanuki. Damu inapata tabu kupita, na seli zilizokuwa zikijikongoja zinakosa oksijeni.

Ndiyo maana nawasumbua kwa mambo yanayoonekana madogo. Njia ya hewa iwe wazi. Oksijeni isishuke chini ya asilimia 90, na namba ya juu ya presha isishuke kukaribia 90. Kichwa kiinuke nyuzi 30. Kama shingo bado ina mashaka, inamisheni kitanda kizima, upande wa kichwa ukiwa juu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipokea kijana anayeongea, ametutajia hadi jina la mama yake. Nikampa alama 14 kati ya 15 za Glasgow, kipimo cha fahamu, nikaenda kwa wengine. Mama akanifuata: "Dokta, mwanangu hajawahi kukoroma hivi." Nikamjibu, mwache apumzike, mama. Niliporudi, mboni ya kulia ilikuwa imetanuka, namulika tochi haisinyai. Mapigo yameshuka, presha imepanda. Damu ilikuwa ikijikusanya chini ya fuvu. Alipasuliwa, akapona, ila mkono wa kushoto haukurudi kama zamani. Mpaka leo nauona ule mkono.

Kwa hiyo alama za Glasgow zirudieni kila nusu saa, mkiandika na muda. Aliyeshuka kutoka 14 hadi 12 anakuambia kitu kizito kuliko aliyefika na 12 akabaki hapo.

Mkiambiwa mpeni steroidi kupunguza uvimbe, kataeni kwa adabu. Utafiti wa CRASH uliochapishwa 2004, wa wagonjwa zaidi ya 10,000, ulionyesha waliopewa walikufa wengi zaidi.

Na mkimhamishia Muhimbili jioni, kumbukeni foleni ya Ubungo. Kagueni mtungi wa oksijeni kabla gari halijaondoka, na anayepanda naye awe anajua kuhesabu hizo alama, tochi iwe mfukoni.