Sina medali wala sijaanzisha shirika, Harvard watanitazama kweli?

SWALI: Dada shikamoo. Niko mwaka wa mwisho sekondari, nataka kuomba Harvard na vyuo vingine viwili vya aina hiyo Marekani. Maksi zangu ziko juu, ila nikisoma habari za waliopata, huyu kaanzisha shirika, yule ana medali ya hesabu, mi nikitoka shule nawaangalia wadogo zangu na wikendi nauza dukani kwa mjomba. Nijiunge na klabu zipi fasta kabla sijatuma fomu? Na kuomba mapema kunasaidia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usijiunge na klabu yoyote saa hizi, tafadhali. Fomu ya Common App (fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani) inauliza kila shughuli uliifanya ukiwa madarasa gani, saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka, sasa mtu akikuta klabu nne zote zimeanza mwaka wa mwisho anajua kabisa ni za kujazia fomu.

Halafu wadogo zako na duka, hivyo ndo vya kuandika! Fomu hiyo ina nafasi 10 za shughuli, na kwenye aina za kuchagua majukumu ya familia yamo na kazi ya kulipwa imo, zimewekwa kwa ajili ya watu kama wewe, yaani inaniuma sana nikiona mtoto anaacha nafasi wazi eti alichofanya ni cha nyumbani tu. Maelezo ya kila shughuli ni herufi 150 tu kwahiyo usiandike "nasaidia familia", sema wadogo wangapi, nani anawapikia, nani anasimamia homework, dukani unashika hesabu au unapanga mzigo. Insha kuu mwisho maneno 650, na haihitaji msiba wala ushindi mkubwa, inataka nikimaliza kusoma nijue unavyofikiri.

Barua za walimu za kukupendekeza: mwombe anayekujua, aliyewahi kubishana na wewe darasani, hata kama somo lake hukuongoza. Barua ya "ni mwanafunzi mzuri na ana nidhamu" wanazo maelfu.

Kuomba mapema, hapo tulia usome masharti. Vyuo vingine ukiomba mapema umejifunga, wakikuchukua lazima uende. Harvard haikufungi hivyo, ila inakuzuia kuomba mapema kwenye vyuo vingine binafsi vya Marekani, na mwisho ni Novemba 1. Kama insha haijaiva subiri awamu ya kawaida, ya haraka haraka haikusaidii kitu. Mtihani wa SAT au ACT, ile ya kuombea vyuo Marekani, Harvard wameurudisha pia, usije ukashtuka mwishoni.

Hela sasa. Harvard, Yale, Princeton na MIT hawaangalii uwezo wako wa kulipa wakati wanaamua nani aingie, hata ukitoka nje ya Marekani, na wakikuchukua wanafidia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia yako. Vyuo vingi haviko hivyo kwa wageni, kuomba msaada kunaweza kukupunguzia nafasi, kwahiyo hivyo viwili vyako vingine angalia vinasemaje kabla hujalipa ada ya maombi (na hiyo ada unaweza kuomba usamehewe).

Nikuambie ukweli pia, Harvard kati ya waombaji 100 hawachukui hata 5, na wengi wanaokataliwa walikuwa wanafaa kabisa. Ongeza vyuo visivyobana hivyo, ambavyo ungesoma kwa furaha, na wiki hii nenda kaongee na mwalimu wako kabla wengine hawajamjazia maombi ya barua.