Usihesabu mistari kwa count()

Ndugu, simama hapo hapo. Umesema una faili la mizigo inayotoka Kongowea, unataka kujua kila eneo limepelekewa mingapi, kisha uchore grafu, na kwa pandas, maktaba ya Python ya kuchambua majedwali, umeandika df.groupby("eneo")["simu"].count(), df ikiwa ndiyo jedwali lako. Tafadhali usimpelekee tajiri majibu hayo.

count() haihesabu mistari, inahesabu simu zilizojazwa. Mteja wa Likoni ambaye hakuacha namba, mzigo wake umefika na umelipiwa, lakini kwenye hesabu yako hayupo. Mistari huhesabiwa kwa size().

Hilo ni dogo. Kubwa ni mistari ambayo eneo lenyewe liko tupu: pandas huitupa kimya kimya, bila onyo lolote. Sisi kazi yetu ni kutoa makontena Kilindini, na ripoti ya kila asubuhi ilikuwa inayahesabu kwa yadi yalikopelekwa. Kontena lisiloandikwa yadi halikutokea popote. Na kwa nini halikuandikwa yadi? Kwa sababu lilikuwa bado limelala bandarini! Yaani yaliyopotea kwenye ripoti ndiyo yale yale tuliyopaswa kuyakimbilia. Siku za bure zikaisha, malipo ya kulaza mizigo yakawa yanapanda kila kukicha, na ripoti inasema mambo shwari. Wallahi bado inaniuma.

Aliyetufundisha kwenye kozi alituambia count na size ni kitu kimoja. Alikuwa mtu wa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, na huko GROUP BY huziweka tupu zote katika kundi lao, zinaonekana. Hakujishughulisha kuangalia kama pandas nayo hufanya hivyo. Ada alichukua, na jedwali la mazoezi alilotupa halikuwa na tundu hata moja. Huo si ufundishaji.

Sasa andika hivi:

hesabu = df.groupby("eneo", dropna=False).size()
assert hesabu.sum() == len(df)

dropna=False, inayobakiza tupu kama kundi lao, ilikuja na pandas 1.1, mwaka 2020. Ukiwa na toleo la kale zaidi, jaza tupu kwanza kwa fillna("HALIJULIKANI"). Pia pitisha str.strip(), inayokata nafasi za mwanzoni na mwishoni, maana "Likoni" yenye nafasi mwishoni ni kundi jingine kabisa, na hiyo assert haitaikamata.

Lakini mstari wa pili wa msimbo, huo wa assert, usiufute kamwe, hata faili liwe dogo vipi. Jumla ya makundi isipolingana na len(df), yaani idadi ya mistari yote, ripoti haitoki. Endesha sasa hivi, kisha utuwekee hapa namba zote mbili.